Tetekuwanga na mkanda wa jeshi: jinsi ya kuyatambua, kuhesabu siku na kutibu kwa wakati

Magonjwa ni mawili, kirusi ni kimoja. Kinaitwa varisela-zosta. Kikiingia mwilini kwa mara ya kwanza kinaleta tetekuwanga. Vipele vinakauka, mgonjwa anapona, lakini kirusi hakiondoki. Kinafuata neva za ngozi hadi kwenye mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo na chini ya fuvu, na humo kinalala maisha yote. Miaka ikipita, kinga ikilegea kwa uzee, maradhi au dawa, kinaweza kuamka katika fundo moja na kurudi kwenye ngozi kwa njia ileile kilichopita. Huo ndio mkanda wa jeshi.

Kutokana na hayo, mtu haambukizwi mkanda wa jeshi. Anayeupata ameamshiwa kirusi chake mwenyewe. Ila majimaji ya malengelenge yake yana kirusi hai, na asiyewahi kuugua wala kuchanjwa akiyagusa anaweza kupata tetekuwanga. Hapo ndipo watu wengi huchanganya.

Kuna tofauti nyingine ya kushika kabla ya kuendelea: kwenye tetekuwanga unahesabu siku, kwenye mkanda wa jeshi unahesabu saa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tetekuwanga kweli

Mtoto mara nyingi huanza na vipele moja kwa moja. Mtu mzima hutangulia kupata homa, kuumwa kichwa na uchovu kwa siku moja au mbili. Vipele huanzia kifuani, mgongoni na usoni, kisha husambaa kichwani, mikononi na miguuni, vikiwa vingi zaidi kiwiliwili.

Mvue mgonjwa shati, msimamishe penye mwanga wa dirisha, halafu chagua eneo la mgongo lenye ukubwa wa kiganja. Ukiona doa bapa, pembeni yake kipele kilichoinuka, kando lengelenge lenye maji maangavu na ngozi nyembamba inayong'aa, na karibu yake kigaga kilichobonyea katikati, vyote ndani ya kiganja hicho kimoja, hiyo ndiyo alama kuu ya tetekuwanga. Vipele hutoka kwa awamu kwa muda wa siku 3 hadi 5, kwa hiyo hatua zote huonekana kwa pamoja. Kwenye mpox, ugonjwa mwingine wa vipele unaoweza kufanana na huu, vipele vya sehemu moja ya mwili aghalabu huwa katika hatua moja, ni vigumu vikiguswa, hupenda viganja na nyayo, na tezi za shingo au kinena huvimba. Ukibaki na shaka kati ya hayo mawili, usikisie: kipimo cha majimaji ya lengelenge kinamaliza ubishi.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, maana unaweza usiuone kabisa. Doa huwa la kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingi kidole huligundua kabla ya jicho. Tazama pia kwenye nywele, kwa kuzitenga kwa kitana, na ndani ya mdomo. Malengelenge ya mdomoni hupasuka upesi na kuacha vidonda vidogo vyeupe, ndiyo maana mtoto anakataa chakula.

Asiyechanjwa hutoa vipele 250 hadi 500. Aliyechanjwa akiugua, mara nyingi hana hata 50, vingine haviwi malengelenge kabisa, na wazazi hudhani ni kuumwa na wadudu. Huyo naye anaambukiza, japo kwa kiasi kidogo.

Hatua ya 2: Andika tarehe

Chukua kalamu uandike siku kipele cha kwanza kilipoonekana. Tarehe hiyo itakujibu karibu maswali yote yanayofuata.

Mgonjwa huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele, wakati bado anacheza na wenzake. Huacha pale kila lengelenge linapokuwa kigaga kikavu na hakuna jipya lililotoka, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vilipoanza. Si lazima vigaga vidondoke. Kuna watoto wanaozuiliwa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya vigaga ambavyo havina madhara kwa yeyote.

Kuanzia kuambukizwa hadi vipele kutoka ni siku 10 hadi 21, mara nyingi 14 hadi 16. Tuseme vipele vimetoka tarehe 5. Uambukizaji ulianza tarehe 3. Ndugu anayelala chumba kimoja naye akaguliwe ngozi kila siku kuanzia tarehe 13, na siku za kumtazama zaidi ni tarehe 17 hadi 19. Lakini kama waliendelea kuwa pamoja hadi vigaga vilipokauka tarehe 11, zile siku 21 za mwisho zinaanza kuhesabiwa tarehe 11, si tarehe 3. Wengi hukosea hapa: wanahesabu tangu mara ya kwanza, wanatangaza usalama mapema, kisha mtoto wa pili anatokwa na vipele.

Nyumbani, asiye na kinga ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kuugua. Kumtenga mgonjwa chumba kingine baada ya vipele kutoka husaidia kidogo tu, kwa kuwa kirusi husafiri hata hewani na kilishaanza kusambaa. Mtoto wa pili nyumbani mara nyingi huugua vikali kuliko wa kwanza. Kinachosaidia kweli kwa ambaye hajawahi kuugua ni chanjo ndani ya siku 3 tangu alipokutana na mgonjwa, au hata siku 5: huzuia ugonjwa au huufanya mwepesi.

Hatua ya 3: Mhudumie mgonjwa nyumbani

Mtoto mwenye afya nzuri hahitaji dawa ya kuua kirusi. Anahitaji kupunguziwa muwasho na homa, na kuzuiwa asijichubue, kwa sababu tatizo linalotokea zaidi kwa watoto ni bakteria kuingia kwenye ngozi iliyokwanguliwa.

Kata kucha fupi kabisa, zisugue kingo zisikwaruze, na mtoto mdogo mvalishe soksi mikononi usiku. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu mara moja au mbili kwa siku. Lile wazo kwamba maji huongeza vipele halina msingi, na kutooga ndiko kunakoleta usaha. Usimsugue kwa dodoki. Mkaushe kwa kubonyeza taulo taratibu, halafu paka losheni ya kalamini kwenye vipele vinavyowasha, mbali na macho na mdomo. Mvalishe nguo nyepesi za pamba, maana jasho huchochea muwasho. Dawa ya mzio ya kunywa, ile inayoleta usingizi, inafaa usiku kwa kipimo cha umri wake. Krimu za mzio usipake, ngozi iliyochubuka huzinyonya kupita kiasi. Krimu zenye steroidi nazo uziache.

Kwa homa, tumia parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko havilingani. Soma chupa kila unaponunua mpya: nyingine zina miligramu 250 katika mililita zilezile 5, na ukimpa mililita 7.5 za hiyo umemzidishia dozi maradufu.

Dawa mbili usimpe. Aspirini, kwa mtoto au kijana mwenye tetekuwanga, inaweza kuleta madhara ya ghafla kwenye ini na ubongo. Ibuprofeni imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria chini ya ngozi kwa wagonjwa wa tetekuwanga, nayo iache hata kama siku nyingine unaiamini.

Usitoboe malengelenge. Kila lililopasuliwa ni mlango wa bakteria, na makovu yenye mashimo hutokana zaidi na hilo kuliko na ugonjwa wenyewe. Antibayotiki hazina kazi hapa hadi bakteria waingie. Madoa meusi au meupe yanayobaki kwenye ngozi nyeusi baada ya kupona hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, na krimu za kung'arisha huyazidisha.

Hatua ya 4: Jua nani asisubiri nyumbani

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:

- anapumua kwa shida au haraka, anakohoa sana, au kifua kinauma;
- anayumba akitembea, anachanganyikiwa, haamki vizuri, shingo imekakamaa au anatapika mfululizo;
- homa imepita siku 4, au ilishuka kisha ikarudi;
- sehemu ya ngozi imevimba, ina joto, inauma kuliko vipele vingine au inatoa usaha, hasa ikiwa inapanuka kwa saa chache;
- malengelenge yana damu.

Ile homa inayorudi siku ya nne au ya tano ndiyo tunayoiogopa zaidi, kwa sababu nyumbani watu wameshalegeza macho wakiona vipele vinakauka. Chora mstari wa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari huo ndani ya saa chache, usingoje asubuhi.

Watu wengine hawangoji hata dalili hizo. Mtu mzima na kijana aliyezidi miaka 12 huugua vikali zaidi kuliko mtoto, na nimonia ya tetekuwanga huwapata hasa wavutaji sigara na wajawazito. Hawa, pamoja na wenye maradhi sugu ya mapafu au ngozi, waonane na daktari siku ya kwanza ya vipele, kwa sababu asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, husaidia ikianza ndani ya saa 24. Mtu mzima humeza miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7. Mtoto ambaye daktari ameona anaihitaji hupewa miligramu 20 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku, kwa siku 5, na kila dozi isizidi miligramu 800. Mwenye kinga iliyoshuka, awe anaishi na VVU visivyodhibitiwa, anatibiwa saratani au amepandikizwa kiungo, kwa kawaida hulazwa na kupewa dawa kwenye mshipa.

Mjamzito aliyekutana na mgonjwa na hana uhakika kama aliwahi kuugua asingoje vipele. Kipimo cha damu kitaonyesha kama ana kinga, na wengi wanayo bila kujua. Asipokuwa nayo, anaweza kupewa kingamwili kwa sindano ndani ya siku 10 tangu alipokutana na mgonjwa. Akiugua kabla ya wiki 20 za ujauzito, kuna hatari ndogo ya mtoto kuzaliwa na kasoro za ngozi, viungo au macho. Hatari kubwa kwa mtoto ni vipele vya mama vinapotoka kati ya siku 5 kabla ya kujifungua na siku 2 baada: mtoto anapokea kirusi kabla mama hajamjengea kinga, naye anahitaji matibabu mara moja.

Hatua ya 5: Utambue mkanda wa jeshi kabla haujachanua

Makadirio ya Marekani ni kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 ataupata maishani. Kwa kawaida maumivu hutangulia vipele kwa siku 1 hadi 5. Ni maumivu ya kuunguza, kuchoma kama sindano au kupiga kama umeme, katika ukanda wa upande mmoja wa mwili. Ngozi inaonekana salama, lakini shati likigusa mtu anaruka. Kipindi hiki ndicho kinachopotosha: kifuani hudhaniwa moyo, ubavuni figo, tumboni kidole tumbo, usoni jino. Kuna waliong'olewa jino lisilo na ubovu wowote. Bila shaka, maumivu ya kifua yaangaliwe kwanza kama ya moyo. Ila mtu akishapimwa na kuambiwa moyo hauna tatizo, avue shati kila asubuhi kwa siku 5 zinazofuata na kutazama ngozi hadi mgongoni.

Vipele vikitoka huwa mafungu ya malengelenge yaliyobanana juu ya ngozi iliyovimba, yakifuata ukanda wa neva moja kuanzia mgongoni kuja mbele. Yakifika mstari wa katikati ya mwili husimama, kwa sababu neva ya kila upande huhudumia upande wake. Uvumi kwamba mkanda ukizunguka na kukutana mtu anakufa hauna ukweli. Ila vipele vikivuka katikati au vikitokea mikanda kadhaa, kinga imeshuka sana na hospitali haikwepeki. Kijana aliyepata mkanda wa jeshi apime VVU hata kama anajiona mzima. Si hukumu, mara nyingi majibu huwa hasi, lakini ni nafasi ya kugundua mapema ambayo si vyema kuipoteza.

Hatua ya 6: Anza dawa ndani ya saa 72

Saa hizo huhesabiwa tangu kipele cha kwanza, si tangu maumivu. Dawa huzuia kirusi kuzaliana, na kirusi huzaliana zaidi siku za mwanzo. Baada ya saa 72 bado inafaa kupewa kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka, kama jicho limehusika, au kama kinga ni dhaifu.

Asaiklovia ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ratiba inayofuatika ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kosa tunaloliona mara nyingi liko kwenye ukubwa wa kidonge. Vingi vina miligramu 200, na kidonge kimoja mara 5 ni dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, si ya mkanda wa jeshi. Kwa vidonge hivyo unahitaji 4 kila mara, yaani 20 kwa siku na 140 kwa wiki. Ukipewa pakiti ya vidonge 25, rudi uulize kabla hujameza. Valasaiklovia ni rahisi zaidi kufuata: gramu 1 mara 3 kwa siku kwa siku 7. Kwa dawa zote mbili kunywa maji mengi, na mwenye ugonjwa wa figo lazima apunguziwe dozi. Krimu ya asaiklovia haisaidii hapa, kwani kirusi kinashuka kutoka ndani ya neva.

Osha vipele kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, funika kwa shashi isiyogandana na kidonda, na vaa nguo pana. Kufunika huwakinga pia wajawazito, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu wanaoishi nawe. Vigaga hutokea ndani ya siku 7 hadi 10, na ngozi hupona katika wiki 2 hadi 4.

Hatua ya 7: Tazama ncha ya pua, sikio na macho

Mkanda wa jeshi unaotokea paji la uso au kope ni dharura ya macho. Angalia ncha ya pua: lengelenge hapo linaashiria kwamba tawi la neva linaloingia jichoni nalo limeshikwa. Mgonjwa aonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo hata kama anaona vizuri, maana konea, ule utando maangavu wa mbele ya jicho, inaweza kupata kovu. Vipele ndani ya sikio pamoja na uso kulegea upande mmoja, kizunguzungu au usikivu kupungua navyo ni vya kukimbilia hospitali, kwani misuli ya uso inaweza isirudi vizuri dawa zikichelewa.

Hatua ya 8: Maumivu yakikataa kuondoka

Kwa baadhi ya watu, hasa waliopita miaka 60, ngozi inapona na maumivu yanabaki. Yakipita siku 90 huhesabiwa kuwa ni ya neva iliyoharibika. Hapo kuongeza vidonge vingine vya asaiklovia ni kupoteza fedha, na parasetamoli pekee haitoshi. Zinazosaidia ni dawa zinazotuliza neva, kama amitriptilini au gabapentini, zinazoanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu na daktari. Hazifanyi kazi usiku mmoja: wengi huziacha siku ya nne wakisema hazifai, ilhali zinahitaji wiki kadhaa. Huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo mzee aangaliwe anapoamka usiku asianguke.

Hatua ya 9: Chanjo, na nani asipewe ipi

Chanjo ya tetekuwanga ilitengenezwa Japani na Michiaki Takahashi katika miaka ya 1970, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1995. Ratiba ya huko ni dozi ya kwanza mtoto akiwa na miezi 12 hadi 15 na ya pili miaka 4 hadi 6. Mtu mzima asiye na kinga hupewa dozi mbili zilizoachana angalau wiki 4. Ndani yake mna kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo mjamzito na mwenye kinga iliyoshuka sana hawapewi.

Ya mkanda wa jeshi ni nyingine. Inayotumika zaidi sasa, Shingrix, haina kirusi hai ndani yake, kwa hiyo mwenye kinga dhaifu anaweza kuipata. Hutolewa kwa waliofikia miaka 50, na kwa wenye kinga dhaifu kuanzia miaka 18, dozi mbili zilizoachana miezi 2 hadi 6. Mkono huuma na homa ndogo huja kwa siku moja au mbili, na wengine huikimbia dozi ya pili kwa sababu hiyo, ingawa ndiyo inayodumisha kinga. Aliyewahi kupata mkanda wa jeshi naye huchanjwa, kwani unaweza kurudi. Asubiri tu vipele vipone kwanza.